Kinanda Kilichonyamaza: Maisha ya Katekista wa Mgodini

Alizaliwa katika nyumba ya chumba kimoja na nusu, ile nusu ikiwa ni jiko, kwenye safu ya nyumba ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi wake na kuzipaka chokaa kila alipotarajiwa mgeni mkubwa. Baba yake alikuwa fundi wa nguzo, yaani mtu wa kushuka chini kabla ya wachimbaji na kusimamisha magogo ya kuuzuia mwamba. Mama yake alifua na kupiga pasi nguo za watu. Alibatizwa akiwa na majuma machache tu, akalia ubatizo mzima, na wapo wanaosema kwamba sifa ya sauti yake ilianzia hapo. Mimi ninayeandika haya sina ugomvi nao. Ila kila mtoto hulia akimwagiwa maji baridi, na sioni haja ya kumtafutia mtu wa Mungu ishara mahali ambapo hata wewe na mimi tulilia.

Alikuwa bado shule ya msingi baba yake aliporudishwa juu akiwa amefunikwa turubai. Nyumba ilijaa watu. Majirani walimshika mama yake mabega, mmoja huku na mwingine kule, wakamwambia lile ambalo watu wamezoea kuambiana: "Jikaze, mama. Una watoto." Naye alijikaza. Aliyafuta machozi kwa upindo wa khanga, na juma lililofuata alikuwa amerudi kwenye meza yake ya pasi, meno yameumana. Tangu siku hiyo hadi anazikwa, mwanawe hakumsikia akilia tena, wala hakumsikia akicheka. Kijana aliyaona hayo yote na akaelewa kinyume kabisa: aliona kwamba maneno yamefanya kazi. Akatamani naye siku moja awe mtu wa kusema maneno ya namna hiyo.

Akawa. Alirithi kazi ya baba yake chini ya ardhi, na juu ya ardhi padri mzee wa parokia alimfundisha ukatekista, akamkabidhi ufunguo wa kikanisa cha mtaa wa mgodini. Alikuwa na sauti nzito, laini, isiyokwaruza, hata watu wakamwita Kinanda. Walipounda Chama cha Wafariji, mwenyekiti hakutafutwa mbali. Penye msiba Kinanda alisimama, akafungua mikono, na maneno yakamtoka kwa mpangilio, yakapanda, yakashuka, na yalipofika chini kabisa hata waliokuja kwa ajili ya kula tu walitafuta leso. Parokia za jirani zilimwazima. Walikuwepo waliosema, nusu utani, kwamba ukizikwa bila Kinanda hujafa sawasawa. Yeye alizisikia sifa hizo na, kama alivyokiri baadaye kwa padri wake na kwa wengi wetu, zilimnogea.

Wito wake wa kweli ulimjia mchana, katika kibanda cha cherehani. Mshonaji mmoja, mama aliyeachwa na mume akiwa na watoto wawili, alifiwa na binti yake mdogo kwa homa. Kinanda alikuja na chama chake. Alisema vizuri kuliko siku zote. Alisema Mungu huchuma ua alipendalo, alisema mtoto sasa anacheza mahali pasipo na homa, alimwambia mama asilie kwani kulia ni kumrudisha nyuma malaika. Watu walilia kwa maneno hayo. Mama mshonaji hakulia. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani, mtoto wake wa kiume amelala pajani. Kinanda aliponyamaza, mama aliinua uso.

"Umemaliza, Katekista?"

"Nimemaliza, mama."

"Haya. Mwanangu alikuwa anaitwa nani?"

Hakujua. Alitazama wafariji wenzake, na katika kundi lote lile lenye sare na nyimbo hakuna aliyejua. Walikuwa wamepewa habari ya msiba na mahali pa msiba, na hayo yaliwatosha siku zote. Mama mshonaji akatikisa kichwa, akamfunika vizuri yule aliyebaki, akasema, "Nendeni mkapumzike. Mmechoka." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Kinanda.

Alikwenda moja kwa moja kwa padri mzee, ambaye kwa miaka hiyo alikuwa amestaafu na kuishi katika chumba nyuma ya sakristia, blanketi miguuni, kamusi zimerundikana hadi kumpita kichwa. Padri huyo alikuwa amefundisha lugha seminarini na hakuwa na subira na watu wanaotumia neno bila kujua limetoka wapi. Kinanda alimsimulia aibu yake, kisha akauliza swali ambalo wafuasi wake wanalikumbuka hadi leo: "Baba, faraja ni nini hasa? Nimeitoa miaka yote hii na sijui ninachokitoa."

"Kaa chini," alisema padri. "Faraja tumeipata kwa Waarabu. Kwao mzizi wa neno hilo ni mwanya, nafasi. Kitu kilikuwa kimebana, sasa kimeachia. Mtu aliyefarijika ni mtu aliyepata pa kupumulia. Sasa niambie, nyie mkifika msibani mnamwambiaje mfiwa?"

"Tunamwambia ajikaze."

"Unaona? Mnambana, halafu mnarudi kuandika kwamba mmempa faraja." Padri alikohoa, akaendelea, maana akianza habari ya maneno hakuna wa kumzima. Alimwambia kwamba kubembeleza kuna undugu na kubembea, na mama anayembembeleza mtoto hamhutubii, anamtikisa tu. Alimwambia kwamba pole, kwa maoni yake mwenyewe, ni ile ile ya polepole, na anayeitamka kwa haraka ameshaiharibu. "Na makiwa? Hapo kuna ukiwa ndani. Ukimwambia mtu makiwa umekubali kwamba ameachwa peke yake. Hujakanusha. Wazee hawakuwa wajinga. Halafu kuna tanzia. Kule lilikotoka, neno hilo lilikuwa maneno ya kumtia mfiwa nguvu. Kwetu limekuwa tangazo la kifo. Lilianza likiwa dawa, sisi tukalifanya ugonjwa."

"Na rambirambi, Baba?"

"Hilo sijui. Na atakayekwambia anajua, muulize mara ya pili."

Kinanda alitoka pale akiwa mtu mwingine, ingawa haikuonekana mara moja. Kwanza alirudi kwenye kibanda cha cherehani, akaomba aambiwe jina la mtoto, na alipoambiwa aliondoka bila kuongeza neno. Kisha aliwafundisha wafariji wake utaratibu mpya, ambao uliwaudhi sana. Hakuna kusema kabla mfiwa hajasema. Hakuna kuingia bila kujua jina la marehemu. Na kabla ya yote, kuangalia ni kitu gani kinambana mtu huyu sasa hivi, hapa alipokaa. Walimcheka, mpaka msiba wa mzee mmoja mlinzi wa ghala aliyefiwa na mkewe. Mzee alikuwa amekaa kitini tangu asubuhi, jasho linamtoka, na kila aliyepita alimpa pole na kumwombea. Katekista alimtazama kutoka juu hadi chini, akapiga magoti, akaanza kulegeza kamba za viatu vyake. Miguu ilikuwa imevimba hata ikabanwa na viatu. Kiatu cha pili kilipotoka, mzee alishusha pumzi iliyosikika nyumba nzima, ndipo akaanza kumlilia mke wake. Watu wote wale walikuwa wamepita mbele ya miguu ile.

Si wote waliofurahi. Wenye misiba mikubwa, waliotaka hotuba, walinung'unika kwamba Kinanda kimeharibika. Parokia za jirani ziliacha kumwazima. Watoto wakamtungia jina jingine, Mzee wa Viatu, nalo likamganda. Padri mzee alifariki katika miaka hiyo, na nafasi ya paroko akapewa kijana mwenye bidii, mwema, ila mwoga wa wakubwa. Na tusimhukumu haraka, kwani bati la kanisa, mabenchi na hata kengele vilitolewa na kampuni ya mgodi. Kuhusu mama mshonaji, yeye na katekista waliheshimiana kwa mbali. Mwanawe wa kiume alikua, akawa kijana mrefu mwenye aibu. Mama alimwendea katekista, ambaye ugonjwa wa kifua ulikuwa umeshamtoa kwenye kazi ya chini, akamwomba amsemee kijana apate kazi mgodini, kwa kuwa cherehani moja haikutosha tena. Katekista alimsemea. Kijana akaajiriwa. Nawaomba wasomaji walikumbuke hili, maana yeye hakulisahau hata siku moja.

Jumatatu ya mwezi wa tatu, katika zamu ya asubuhi, dari ya njia ya chini iliporomoka na kuifungia zamu nzima upande wa pili. Kijana wa mama mshonaji alikuwa miongoni mwao, mdogo kuliko wote. Wanawake walifika langoni na nguo walizokuwa wamevaa kazini, mikono ina unga, ina sabuni, na mama mshonaji ana futi yake ya kupimia nguo shingoni. Kampuni ilitangaza kwamba wote wamekufa papo hapo bila kuteseka, kwamba kuchimba kungeleta maafa mengine, na kwamba mdomo wa shimo utazibwa kwa zege liwe kaburi moja la heshima, na misa itasomwa juu yake. Wanawake walikataa kuondoka. Walisema wanasikia kugongwa kwenye bomba la maji linalotoka chini. Waliambiwa ni mawe yanatulia.

Siku iliyofuata katekista aliitwa katika ofisi ya paroko. Meneja wa mgodi alikuwa ameketi pale, kofia yake magotini.

"Mzee, wale akina mama wanakusikiliza wewe," alisema meneja. "Nenda kawafariji, warudi majumbani. Zege liko njiani."

"Mmejuaje kwamba wamekufa?"

"Mwamba wote ule! Nani atapona?"

"Sijauliza hivyo, bosi. Nimeuliza mmejuaje."

Paroko aliingilia kati. "Katekista, hapa hatujakuita kwa habari ya uhandisi. Tunaomba neno la faraja tu. Hata ile hotuba yako ya zamani inatosha."

Hapo ndipo mtumishi wa Mungu alisema maneno ambayo yalimgharimu vyote alivyokuwa navyo. "Baba, neno ninalo. Ila faraja yenyewe iko chini ya kile kifusi, na funguo mnazo nyinyi. Fungueni kwanza. Nikishaona, nitasema mpaka mnichoke." Meneja alisimama, akavaa kofia. Paroko, macho yake chini, aliomba arudishiwe ufunguo wa kikanisa. Katekista aliuchomoa kwenye mkufu wake, akauweka mezani juu ya kitabu cha ubatizo, akatoka.

Alikwenda langoni. Mama mshonaji alimwona akija, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Umetumwa kutuambia twende nyumbani?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukaa."

"Basi sogea, unaniziba nisione lango."

Akasogea, akakaa chini. Mvua ilikuja, ikawanyea wote sawa. Hakusema kitu kwa muda mrefu, na wanawake waliokuwepo wanashuhudia kwamba katika siku zile zote ni yeye peke yake ambaye hakuwaambia watulie. Alikuwa akiweka sikio kwenye bomba. Alisikia kugonga kwa masikio yake mwenyewe, na alijua si mawe, kwani mawe hayapumziki na kuanza tena. Ndipo akakumbuka njia ya zamani ya hewa, upande wa nyuma wa kilima, ambayo nguzo zake zilisimamishwa na baba yake na ambayo kampuni ilikuwa imeisahau. Aliwaendea wachimbaji wa zamu nyingine nyumbani kwao, mlango kwa mlango. Walikuja na sururu. Wanawake walikwenda wakasimama mbele ya walinzi wa kampuni, wakisukumana nao, mpaka walinzi wakachoka, au wakaona haya. Katekista, na kifua chake kile, alitangulia mbele kusimamisha nguzo, na wengine wakamfuata wakichimba. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa. Katikati ya siku hizo bomba liliacha kugongwa, na yeye hakuwaambia waliokuwa juu, wala hakuacha kuchimba. Wale wa juu, nao, walikuwa wameweka masikio kwenye bomba lile lile.

Alikuwa wa kwanza kupenya. Alichokiona alikisimulia baadaye mbele ya hakimu, na ninakiandika kama alivyokisema. Mwamba haukuwa umemgusa mtu. Walikuwa wameketi kwenye ukuta, bega kwa bega, taa zimezimwa ili zisimalizike. Vyombo vya chakula vilikuwa vitupu, vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Kando ya bomba palikuwa na nyundo, imepigwa mpaka kichwa kimechomoka kwenye mpini. Hewa ndiyo iliyowaishia. Kijana wa mama mshonaji alikuwa ameegemea bega la msimamizi wa zamu, amevaa koti ambalo halikuwa lake. Katekista aliwapitia mmoja mmoja, akawaita kwa majina, kwa kuwa wote aliwajua. Wenzake wanasema hakuna aliyeitikia, na ninaandika hivyo ili mtu asije kuniambia kwamba kuna aliyeitikia.

Alipotoka nje, kabla hajapanguswa uso, meneja na paroko walimvuta pembeni ya kilima. Mtu atafikiri jaribu lake kubwa lilikuwa vitisho vya meneja. Sivyo. Jaribu lake lilikuwa paroko, ambaye alikuwa analia kweli. "Kwa huruma tu, Katekista," alisema. "Umefungua, umeona. Yamekwisha. Waambie walikufa papo hapo. Utamsaidia nani ukisema vingine? Mwonee huruma yule mama." Nami nakiri kwamba kila nikifika hapa katika kuandika, naweka kalamu chini. Sijui ningesema nini. Katekista mwenyewe ndiye aliyemwombea kijana ile kazi, na uongo ule ungempunguzia hata yeye.

Mama mshonaji hakusubiri aitwe. Alikuja mbele yake, futi bado shingoni.

"Katekista. Mwanangu aliteseka?"

Watu walisogea karibu. Mtu aliyewahi kuwa na maneno mengi kuliko wote katika mji ule alisimama na vumbi mdomoni.

"Hakufa siku ile, mama," alisema. "Waliishi wote. Ndio waliokuwa wanagonga. Kulikuwa na koti..."

"Basi!" Alimpiga kifuani kwa mikono miwili, akampiga tena. "Basi, usiniambie lingine! Nyamaza!" Wanawake walimshika. Katekista hakurudi nyuma wala hakuinua mkono, na sentensi ile ilibakia kinywani mwake bila kumaliziwa.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya. Watu waliposikia kwamba waliofungiwa walikuwa hai wakati zege linaagizwa, walivunja vioo vya ofisi ya mgodi. Katekista alikamatwa kwa uchochezi na kuwekwa mahabusu, katika chumba chenye sakafu isiyokauka, na kifua kilichokuwa kimeanza kuharibika kiliharibika kabisa. Kesi ilivutwa, ikaahirishwa, ikafutwa. Kampuni ilimhamisha meneja, ikamleta mwingine, ikapaka nyumba chokaa. Lakini marehemu walioshwa na mama zao na wake zao, wakazikwa kila mmoja na kaburi lake, na bila yeye hilo lisingekuwepo.

Aliporudi hakurudishiwa kazi ya kanisa. Alitengeneza stuli na kuta za mabanda, alihudhuria misiba akikaa nyuma. Kila asubuhi alipita mbele ya kibanda cha cherehani na kusema, "Hujambo, mama." Cherehani ilizidi kasi, basi, hilo ndilo jibu. Ikawa hivyo kwa miaka. Wanaoandika maisha ya watakatifu hupenda kusema kwamba mateso yao yalijaa utamu wa mbinguni. Huyu hakupata utamu wowote. Alimwambia padri aliyemwungamisha, na baadaye akaruhusu yasemwe, maneno haya: "Sijui kama nilimpa ukweli au nilimzika mwanawe mara mbili. Naomba kila siku niambiwe. Siambiwi." Mtu aliyewafungulia wengine alibaki amebanwa, na Mungu, kwa sababu anazozijua mwenyewe, hakumlegezea.

Alifariki mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, alasiri. Alikuwa hawezi tena kulala chali, hivyo alikaa kitini usiku na mchana. Asubuhi hiyo aliomba avalishwe apelekwe misani, majirani wakamvalisha suruali, shati na viatu, kisha pumzi ikamkatalia njia na wakamwacha pale pale kitini. Chama cha Wafariji kilifika. Walikaa kimya, kama alivyowafundisha. Walilijua jina lake, bila shaka. Walikaa saa baada ya saa, wakijivunia kidogo ukimya wao, na kanuni waliishika yote isipokuwa mtu mwenyewe walimsahau.

Mama mshonaji aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa amezeeka. Alimtazama mgonjwa kutoka juu hadi chini, kisha akawageukia wale wengine.

"Nyie mmekaa hapa tangu asubuhi. Hakuna aliyeona miguu ya mtu?"

Alipiga magoti kwa shida, akalegeza kamba, akavuta kiatu kimoja, akavuta cha pili. Miguu ilikuwa imevimba vibaya. Aliiweka pajani kwake, akabaki pale sakafuni. Katekista alishusha pumzi. Baada ya muda mama alisema, bila kumtazama, "Siku ile ulianza kusema habari ya koti."

"Ndiyo, mama."

"La nani?"

"La msimamizi wa zamu. Alimvalisha juu ya lake."

"Na mwenyewe akabaki na nini?"

"Shati."

 Mikono ya mama ilikuwa inapapasa mshono wa soksi ya mgonjwa, kama inavyofanya mikono ya watu wa kazi hiyo. "Lilikuwa limefungwa vifungo?"

"Vyote. Mpaka shingoni. Cha juu kilikuwa kimekatika, tundu limebaki. Walipitisha kamba ya kiatu wakafunga."

"Kamba ya kiatu."

"Ndiyo. Fundo zuri tu, la mtu aliyetuliza mikono."

"Basi hakupigwa na baridi," alisema mama mshonaji.

"Hakupigwa na baridi."

Hapo mama alilia. Alilia kwa sauti, kichwa magotini mwa katekista, kilio cha kuwalilia watoto wake wote wawili, na hakuna mtu chumbani aliyethubutu kumwambia anyamaze. Katekista naye alilia, kwa kadiri pumzi ilivyomruhusu. Kisha alimwekea mkono kichwani na kusema, "Na dada yake sijamsahau." Akalitaja jina la yule binti wa homa, polepole, kama mtu alitajaye kila siku, na kweli alilitaja kila siku. Hilo lilikuwa neno lake la mwisho. Jua lilikuwa bado halijazama alipokata roho, miguu yake ingali pajani kwa mama.

Paroko aliyemnyang'anya ufunguo alikuja mazikoni akitokea parokia ya mbali, mvi zimemtoka. Hakuhubiri. Aliuweka ufunguo wa kikanisa juu ya jeneza na kwenda kukaa miongoni mwa wanawake.

Kuna maajabu yanayosimuliwa. Watu hufunga kamba za viatu kwenye msalaba wa kaburi lake, na mhudumu wa makaburi ameniambia kwamba huzitoa kila mwisho wa mwezi kwa sababu msalaba hauonekani tena. Mjane mmoja asiyepata usingizi alilala pale juani hadi jioni. Mama mmoja muuguzi, aliyeacha kusema tangu mwanawe azame majini, alisema tena. Ndivyo nilivyoambiwa na watu wasio na sababu ya kunidanganya, na Kanisa litapima. Ajabu ninayoijua mimi ni ndogo: katika mtaa ule, hadi leo, ukifiwa, mtu wa kwanza kuingia atakuuliza jina la marehemu wako, kisha atakutazama miguu. Hakuna anayekwambia ujikaze. Wageni huliona jambo hilo la ajabu kidogo, mpaka zamu yao inapofika.

Basi tumwombe Mungu atujalie sisi tuliobaki kinywa kizito kama chake na macho mepesi kama yake. Na kama kuna msomaji anayeshangaa kwa nini sikuliandika hapa jina la yule binti, ambalo mtumishi huyu wa Mungu alilibeba hadi pumzi ya mwisho, nilimwomba mama yake ruhusa, naye alikataa. Alisema likiandikwa watu watalisoma tu na kupita. Bado yupo, bado anashona, mlango wake uko wazi mchana kutwa. Alisema anayelitaka aje akae, amuulize.